Mafuta ya Mama Mkwe

Jumamosi ile Sabina alitoka nyumbani kwake Ilomba saa kumi na moja jioni, chupa tupu mkononi na bahasha ya kaki ndani ya pochi. Safari yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Mafuta ya kujipaka yalikuwa yameisha, na mafuta hayo hayauzwi duka lolote la Mbeya. Yalichemshwa na mtu mmoja tu, mama mkwe wake, Evarista, huko juu ya Igawilo ambako migomba huanza kuficha nyumba. Unachukua bajaji, unashuka lami inapokatika, unapandisha kilima kwa miguu, unapewa chupa, unashukuru, unarudi. Alishaifanya safari hiyo mara tano, kila mwezi mara moja, na mara zote tano alirudi akiimba njia nzima.

Kwenye bahasha kulikuwa na nywele zake.

Msishangae. Nywele zinazobaki kwenye kitana hazitupwi ovyo. Ndege akizichukua akajengea kiota, kichwa kitakuuma mpaka ukome. Ndivyo alivyokuzwa Sabina kwao Kilolo, na wakwe zake huku Mbeya walikuwa na mawazo hayohayo. Kwa hiyo mama mkwe aliposema, "Nywele zako usizitupe huko mjini majalalani, niletee mimi nizifukie mahali pazuri," Sabina aliona huo ni upendo. Na upendo kutoka kwa Evarista, jamani, ulikuwa kitu kipya.

Maana tuseme ukweli: kwa miaka tisa Sabina alikuwa mtu wa mkorogo. Alianza akiwa chuoni Iringa. Krimu tatu, losheni moja, unakoroga kwenye kikopo, unajipaka asubuhi na jioni. Uso ukawa rangi ya chai ya maziwa, vifundo vya vidole vikagoma vikabaki vyeusi. Nywele nazo zilitiwa dawa kila baada ya wiki sita mpaka ngozi ya kichwa ikatoa vidonda. Clement alimwoa akiwa hivyohivyo, mweupe wa kopo. Siku ya kupelekwa ukweni Evarista alimtazama kuanzia juu mpaka chini, kisha akauliza mbele ya wageni:

"Na huyu, ukimwosha, ndani tutamkuta nani?"

Watu walicheka. Sabina naye alicheka, halafu akaenda chooni akalia.

Mkorogo aliuacha mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Asubuhi moja alikuwa anapuliza jiko la mkaa, uso ukamwaka kama amemwagiwa pilipili, ngozi ya mashavu ikachubuka. Daktari alimwambia aache siku hiyohiyo. Sabina akatumbukiza makopo yote kwenye shimo la choo, akanyoa nywele zilizoungua na dawa, akaanza upya na kichwa cha kipara. Haikuwa rahisi. Uso ulitoka mabakamabaka. Sokoni walimwita pundamilia, wengine usoni kwake kabisa, na kuna siku alifunika kichwa na kanga kununua nyanya tu. Lakini hakurudi nyuma. Alikuwa amechoka kujikwangua.

Hapo ndipo Evarista alipobisha hodi na chupa ya kwanza.

"Umeacha ile sumu? Umefanya vizuri, mwanangu. Sasa mimi nitakusaidia urudi."

Mafuta yalikuwa ya parachichi, na shubiri, na majani fulani ambayo hakuyataja. Sabina hakuuliza. Mkweo akikuchemshia kitu huanzi kumhoji jikoni kwake. Akajipaka. Yalinuka vizuri, harufu nzito ya parachichi na moshi, na kwa mbali sana, chini ya hiyo, harufu nyingine ambayo hakuijua. Baada ya wiki tatu mabaka yalianza kufungana. Baada ya miezi miwili ngozi ilikuwa nyeusi, laini, moja kuanzia paji mpaka shingoni. Nywele ziliota nzito, chanuo likawa linagoma kupita. Sabina alikuwa anasimama mbele ya kioo akijigusa mashavu, na kwa mara ya kwanza tangu akiwa mtoto alijipenda. Alijipenda bila aibu. Aliona ameokoka na kitu, na kilichomwokoa ni huyu mama aliyekuwa anamwogopa.

Nyumba nzima ilibadilika. Clement, mume wake, mfanyabiashara wa mchele, alianza kurudi mapema na kukaa jikoni akimwangalia. Na Yudith...

Yudith alikuwa mtoto wa Clement, miaka tisa, wa mke wake wa kwanza. Huyo mke aliitwa Tumpe, Mnyakyusa. Alifariki kwa homa ya siku tatu, miaka minne iliyopita, kabla Sabina hajajulikana kabisa kwenye familia hiyo. Kwa miaka mitatu ya ndoa Yudith alimwita Sabina "anti", akamsalimia, akala chakula chake, akakaa mbali. Mwezi wa tatu wa mafuta, mtoto alikuja na chanuo mkononi, akaketi chini katikati ya magoti ya Sabina.

"Mama, nisuke twende kilioni."

Mama. Sabina alisuka mistari ile machozi yakimdondokea mtoto kichwani.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Wiki mbili zilizopita aliona mstari mdogo kwenye nyusi ya kushoto, mahali nywele hazioti. Kama kovu la zamani. Sabina hakuwahi kuumia hapo. Alikuwa bado anajikagua kiooni Yudith alipokuja, akapitisha kidole juu ya mstari ule.

"Hii ni ile ndoo ya kisimani, eti mama? Ulinihadithia."

Sabina hakuwahi kumhadithia chochote kuhusu ndoo. Akasema moyoni ni madhara ya mkorogo yanatoka. Mtu akifurahi huwa mvivu wa kuuliza.

Basi Jumamosi hiyo alishuka kwenye bajaji, akaanza kupanda. Ukungu ulikuwa umeshuka mapema kama kawaida ya Mbeya, baridi ikapenya mpaka ndani ya sweta. Njia ilikuwa kimya. Maji tu yalisikika yakidondoka kwenye majani ya migomba. Kwenye kona, bibi mmoja alikuwa anateremka na mzigo wa kuni kichwani. Sabina akasogea pembeni ampishe.

"Shikamoo bibi."

Bibi akainua macho.

Kuni zikaanguka. Zote. Zikatawanyika njiani, na yule bibi hakuziangalia.

"Mwee... Tumpe?" alinong'ona.

"Hapana bibi, mimi ni—"

"Nilikuosha mimi." Bibi alikuwa anarudi kinyumenyume. "Kwa mikono hii. Nilikukata misuko mimi... Rudi. Rudi ulikotoka, mama, hatujakukosea."

Akageuka, akatokomea kwenye ukungu, miguu peku ikipiga tope. Sabina alibaki na kuni za watu miguuni kwake. Alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Akajisemea kizee kimechoka macho, akapanda. Lakini sasa alikuwa anatembea polepole, na hakuwa anaimba.

Uani kwa mama mkwe hapakuwa na mtu. Kulikuwa na pikipiki.

Ya Clement.

Sabina alisimama akaitazama ile namba mara mbili. Clement aliondoka alfajiri akasema anakwenda Madibira kuchukua mchele, atarudi Jumanne. Alimbusu kabisa kwenye paji la uso. Sabina akaweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa ya moto bado.

Akaenda jikoni, kile kibanda cha nje. Mlango ulikuwa wazi. Chungu kilikuwa juu ya mafiga, kinatokota taratibu... blup... blup... Harufu ikampokea mlangoni. Parachichi. Moshi. Na ile nyingine, ambayo kwenye chupa ilikuwa mbali, hapa ilijaa kibanda kizima, na safari hii aliitambua. Mtu yeyote aliyewahi kukaa saluni anaijua.

Nywele zinaungua.

Alichukua mwiko akakoroga. Mwiko ukawa mzito. Akauinua. Kitu cheusi kiling'ang'ania kwenye ncha, kirefu, kikichuruzika mafuta. Alidhani ni mizizi. Akakivuta na vidole. Ulikuwa msuko. Msuko mzima wa nywele za mtu, umefungwa mwishoni na uzi mweusi, jinsi wanawake wanavyofunga.

Kwenye kigoda kulikuwa na kikopo cha bati, wazi. Misuko mingine ilikuwa imelala humo, imepangwa vizuri.

Sabina hakupiga kelele. Na kwa kuwa alikuwa kimya, akasikia.

Chap... chap... chap...

Panga linachimba udongo. Nyuma ya jiko.

Nyuma ya jiko palikuwa na kaburi la Tumpe. Kwao humzika mtu wao nyumbani, kwenye migomba, na Sabina alishaliona mara nyingi, kaburi safi la saruji lenye msalaba. Alisogea mpaka kwenye kona ya kibanda, akachungulia. Evarista alikuwa amesimama na taa ya simu. Clement alikuwa amepiga magoti kichwani mwa kaburi, anachimba. Kando yake, kwenye nyasi, kulikuwa na bahasha za kaki zimetolewa ardhini.

Sabina alizihesabu. Tano.

"Ya leo ndiyo ya mwisho, mama?" Clement aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ya sita. Anakuja nayo sasa hivi. Zikishalala pamoja hapa, imetosha."

Panga lilisimama.

"Na Sabina, mama? Sabina ataenda wapi?"

Evarista aliinama akamulika kaburi. Ukungu ukapita mbele ya taa.

"Ataenda alikokuwa huyu."

Sabina alimtazama mume wake. Mwanaume aliyelala naye miaka mitatu, aliyemfulia nguo alipougua, aliyemwambia wiki iliyopita tu kwamba hajawahi kumwona mzuri namna hii. Alingoja Clement asimame. Alingoja atupe lile panga, aseme hapana, aseme hata "lakini".

Clement akainama, akaendelea kuchimba.

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya Sabina, na hakikuungika tena. Akatoka kwenye kona, akakanyaga majani makavu ya mgomba bila kujali.

"Clement."

Alishtuka, panga likamponyoka. Alipogeuka, uso wake, Mungu wangu, haukuwa uso wa mtu aliyefumaniwa. Ulikuwa uso wa mtu mwenye furaha. Kwa sekunde moja, kwenye mwanga ule hafifu, mume wake alimwangalia kama mtu aliyengoja stendi miaka minne. Kisha akakumbuka, akaangusha macho.

"Unaniona nani?" Sabina aliuliza. "Nijibu. Hapa niliposimama, unamwona nani?"

"Sabi... Nisikilize. Wewe ulitaka mwenyewe kubadilika..."

"Nilitaka kuwa mimi!"

"Shhh," Evarista alisema, bila hasira, kama anayembembeleza mtoto. "Usipige kelele kaburini, mwanangu. Sijamuua mtu mimi. Nimebadilisha tu. Nywele zako kwake, zake kwako. Wewe uso wako uliuacha. Miaka tisa uliukwangua na makopo, ulikuwa huutaki. Sasa uso ambao mwenyewe hautaki, kuna ubaya gani ukimkaa mtu aliyependwa? Ona mtoto anavyokuita. Ona mume anavyorudi mapema. Nani aliwahi kukupenda hivyo ukiwa mweupe?"

Sabina alitaka kumjibu kwamba alikuwa ameanza kuutaka. Kwamba kila asubuhi kwa miezi mitano alisimama mbele ya kioo akaupenda, akauomba msamaha, na kumbe alikuwa anamwomba msamaha mtu mwingine. Aliinama akazoa bahasha zake tano kutoka kwenye nyasi. Hakuna aliyemzuia. Akafungua ya kwanza.

Tupu.

Akafungua ya pili, ya tatu. Karatasi ilikuwa kavu, gundi haijaguswa, na ndani hamkuwa na unywele hata mmoja.

"Zimeshachukuliwa," Evarista alisema. "Nipe ya sita, Mama Yudith. Kilichobaki ni kidogo tu, hutaumia."

Alinyoosha mkono. Clement naye alisimama, akapiga hatua moja mbele. Sabina akakumbatia pochi kifuani, akageuka, akakimbia. Aliteremka kilima kile akiteleza, akianguka, akiamka, na nyuma yake sauti ya mume wake ilikuwa inaita kwenye ukungu. Haikuwa inaita jina lake.

Alilala kwake Ilomba mlango ukiwa na komeo. Clement alifika, akagonga, akaongea nje ya mlango maneno mengi ya kuomba. Kulipokucha hakuwepo. Sabina akakusanya nguo kwenye begi moja, akapita nyumba ya jirani yake, Frida, ambako Yudith alikuwa amelala. Alitaka kuaga kwa macho tu. Lakini mtoto alikuwa ameshaamka, amekaa kwenye ngazi, anaswaki. Akaliona begi.

Akatema povu, akaja mbio, akashika sketi ya Sabina kwa mikono miwili.

"Mama, usife tena."

Sabina alipiga magoti. Alimshika mashavu. Ilikuwa kazi rahisi sana kubaki. Angesema "sifi", angerudi ndani, angekoroga uji, na nyumba nzima ingempenda mpaka siku ya mwisho, jina lolote ambalo wangempa.

"Yudi, mimi siyo..."

Hakumaliza. Alimbandua vidole kimoja kimoja, na mtoto hakulia, alikuwa anaangalia tu, kama mtu anayekiona kitu alichokiona kabla.

Basi la Iringa lilikuwa na baridi. Alifungua bahasha ya sita wakiwa wamepita Makambako. Pochi haikutoka mikononi mwake tangu jana. Nywele hizo alizifunga mwenyewe, kwa mate yake.

Ilikuwa tupu.

Alipofika Iringa mjini alisimama muda mrefu mbele ya duka la vipodozi, akiangalia makopo aliyoyafahamu kwa majina. Wazo lilikuja lenyewe: ukiukwangua uso huu, yule atatoka. Sumu ileile iliyokuwa inamla ndiyo peke yake iliyobaki upande wake. Alitoa hata pochi. Kisha akaona aibu, akaona hasira, akaona kwamba akijichubua safari hii atakuwa amewapa haki wale wawili kaburini, kwamba uso wake hautaki. Akaondoka. Akapanda gari la Kilolo na kichwa juu.

Mama yake, Marta, alikuwa anapalilia viazi. Alisimamisha jembe, akaweka mkono juu ya macho kuzuia jua. Sabina alisimama kwenye mti wa uzio na begi lake. Hiki ndicho alichokiogopa njia nzima.

"Kamwene, mama."

"Sabina?" Marta aliacha jembe lidondoke. "Sabina! Mwanangu, umeacha yale madude yako! Hebu njoo nikuone, umekuwa mweusi kama baba yako!"

Sabina alilia kifuani kwa mama yake mpaka akaishiwa pumzi. Alimweleza kila kitu, hakuacha neno. Marta hakucheka wala hakubisha. Alichemsha maji, akachukua wembe, akamnyoa binti yake kichwa chote, akazichoma nywele zile jikoni mbele ya macho yake, akamwosha na sabuni ya mche. Kisha akasali, kwa sauti, muda mrefu, akimtaja kwa jina.

"Sasa kaa hapa. Usipake kitu. Maji tu. Wewe ni wangu, nilikuzaa mwenyewe, hakuna mtu atakayenibadilishia."

Siku zikawa nzuri. Tuseme hivyo, zilikuwa nzuri. Alikula viazi na maharage, akapasua kuni, akaenda kanisani na kichwa cha kipara bila kitambaa. Wanawake wa jumuiya walimshika mikono wakamwambia amependeza, na walimaanisha. Simu ya Clement iliita, akaiacha iite. Ikawa haiiti tena. Kiooni alikuwa anajiangalia kwa woga kila asubuhi, na siku ya nne alidhani kovu la nyusi limepungua. Siku ya tano alikuwa na hakika.

Siku ya sita hakuangalia. Alisahau.

Vilikuwa vitu vidogo. Marta alimwambia alete chumvi, akazunguka jikoni akifungua vyombo, chumvi ikiwa palepale dirishani ilipokaa tangu yuko darasa la kwanza. Alimwuliza mama yake ule mlima wa mbele unaitwaje. Jioni moja wakichambua mchele pamoja Marta alimsikia anaimba, wimbo wa kubembelezea mtoto, taratibu, mtamu. Ulikuwa wa Kinyakyusa.

"Umejifunza lini lugha ya watu?" Marta aliuliza.

"Lugha gani?"

Marta akamwangalia, akaendelea kuchambua. Usiku huo alisali tena, safari hii kimyakimya.

Ikapita wiki moja na nusu. Siku hiyo jua lilikuwa linazama nyuma ya misitu ya misindano, moshi wa chakula cha jioni ukitambaa juu ya mapaa. Alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, anamenya viazi, sufuria la maji mbele yake. Kichwa kilikuwa kimeanza kuota nywele fupi, nzito. Alikuwa ametulia. Hakuwa na uchungu tena na mtu yeyote, na hakukumbuka vizuri kwa nini aliwahi kuwa nao. Alikuwa anawaza kuhusu Yudith, kama kuna mtu anayemsuka.

Kule bustanini yule mama mwenye nyumba alikuwa anavuna mboga, kanga imejaa, mikono haitoshi.

"Sabina!" aliita. "Hebu niletee ndoo!"

Kiazi kikaingia kwenye maji. Akachukua kingine.

"Sabina!"

Yule mama alikuwa amenyooka sasa, anatazama kuelekea mlangoni. Sauti yake ilikuwa imebadilika, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba yenye taa na haitikiwi. Alimwonea huruma. Mama mzee namna ile, mkarimu, amempokea mgeni bila kuuliza siku za kukaa, halafu ana binti asiyemsikia.

"Sabina! Sabina, mwanangu, nakuita!"

Akageuka akachungulia ndani ya nyumba. Kulikuwa na giza, hakuna aliyejibu. Akashika kigoda, akajisogeza pembeni kidogo, ampishe huyo Sabina apite.